Boksi la Vitabu Sitini: Dar, Tanga, Mombasa, Nairobi

Ujumbe wa kwanza ulitoka Malindi. Dada mmoja alikuwa amesoma hadithi yangu kwenye simu, akataka kujua kitabu kizima atakipataje. Nikaenda kuulizia gharama za kutuma. Kupeleka nakala moja Malindi kulipita bei ya nakala yenyewe. Baada yake wakaja wa Kilifi, wa Mombasa, wa Nakuru, wa Nairobi. Kufikia Agosti nilikuwa na majina 31 kwenye daftari, watu wanaosoma Kiswahili ninachoandika, na sina njia ya kuwafikia. Nikaamua kubeba vitabu mwenyewe.

Kwa wasionifahamu: kitabu changu ni mkusanyiko wa hadithi fupi, kurasa 168, nilioutoa kwa fedha zangu. Nakala 300, kila moja ilinigharimu Sh 7,000, na namba ya ISBN nilichukua Bodi ya Huduma za Maktaba. Dar nakiuza Sh 15,000. Safarini nilichukua nakala 60, zikaenea kwenye boksi moja la mafuta ya kula, kilo 13 na ushee. Nimerudi wiki mbili sasa, na haya nimeyakusanya kutoka kwenye daftari na picha za simu.

Jumatatu, 9 Septemba. Dar

Jioni nilipita Soma, ule mkahawa wa vitabu wa Regent Estate, kuaga. Napapenda kwa sababu pale mtu aliyejichapishia kitabu mwenyewe huketi meza moja na aliyechapishwa na shirika, na hakuna anayeuliza nani ni nani. Mwandishi mwenzangu niliyemkuta aliniuliza vitabu nimevifungaje. Nikamwambia viko kwenye boksi. Akasema, "Dada, boksi tu? Funga kumi kumi kwenye nailoni, halafu weka khanga chini na juu. Kitabu kikilala kwenye buti la basi siku nzima kinapata joto, kinapinda." Nilifunga hadi saa sita usiku. Ushauri wake uliokoa majalada. Gundi ni habari nyingine, tutaifikia.

Jumanne, 10 Septemba. Dar hadi Tanga

Basi la saa kumi na mbili asubuhi kutoka kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Nauli Sh 20,000, na konda akadai Sh 5,000 ya boksi. Nilimweleza ni vitabu. Akaliinua, akalipima uzito kwa mkono, akasema, "Vya shule?" Nikasema vya hadithi. "Basi lete elfu tatu." Chalinze tulikaa saa moja na nusu kwa ajili ya tairi. Kuanzia hapo nililala mpaka Segera.

Muheza machungwa yaliingia kupitia madirishani kama kawaida, matano kwa Sh 1,000. Mama niliyeketi naye alinimenyea moja kwa kisu chake, ganda likishuka kama utepe mmoja bila kukatika, akanikabidhi na chumvi kidogo kwenye karatasi. Hatukuwa tumezungumza neno tangu Mbezi.

Tanga nilifika saa saba na nusu. Nikaacha boksi nyumba ya wageni (Sh 25,000, feni nzuri, maji ya ndoo) nikachukua bodaboda kwenda Machui, kijiji kilicho kusini mwa mji. Huko Vibambani ndiko alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, na huko ndiko alikozikwa mwaka 1962. Kwenda na kurudi Sh 10,000, na kijana akanisubiri. Bibi mmoja aliyekuwa anaanika mihogo alinionyesha njia kwa kidole, halafu akaona haitoshi, akafuta mikono kwenye khanga akanifikisha mwenyewe. "Wanakuja wanafunzi," aliniambia. "Wewe peke yako wataka nini?" Nikamwambia nami naandika. Akasema, "Haya, mwanangu, muombee dua," akarudi kwenye mihogo yake.

Nilikaa pale kama dakika ishirini. Nilichokuwa nakiwaza ni kwamba huyu mzee alikuwa karani wa forodha kwa karibu miaka ishirini, tangu 1926, akihesabu mizigo ya watu mchana. Kesho yake nilikuwa napita forodhani na mzigo wangu.

Jioni walikuja watu sita tu, walimu wanne na wasichana wawili wa chuo, tukakaa nje ya kibanda cha chai tukasomeana. Nakala sita, watu sita, zote zikaenda.

Jumatano, 11 Septemba. Tanga, Horohoro, Likoni

Noah ya Horohoro hujaa ndipo iondoke. Tuliondoka saa nne, Sh 5,000. Barabara ni lami yote.

Mpakani kuna jengo la pamoja, unagonga muhuri wa Tanzania na wa Kenya bila kutembea mbali. Kwa atakayefuata na vitabu: uwe na pasi ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano maana wanaiulizia. Andika orodha ya mzigo kwa mkono: jina la kitabu, idadi, bei, kimechapwa wapi. Mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 uliotengenezwa ndani ya Afrika Mashariki una cheti chake rahisi cha asili ya bidhaa, hutolewa palepale. Usipite nacho kwapani kana kwamba unaficha. Kitabu hakina sababu ya kufichwa.

Afisa aliyenihudumia alikuwa kijana, sare imenyooshwa vizuri. Akafungua boksi, akatoa nakala moja, akaanza kusoma. Nilidhani anakagua. Akafungua ukurasa wa pili, wa tatu. Nyuma yangu kulikuwa na mama wa vitunguu akaanza kuguna. Afisa akainua kichwa akaniuliza, "Huyu baba harudi?" Nikamwambia nikikujibu nitakuharibia. Akacheka, akajaza cheti, akanigongea, halafu akatoa Sh 15,000 mfukoni. Nilimrudishia ile aliyokuwa ameishika, kwa kuwa tayari alikuwa ameshaweka kidole mahali alipofika.

Kutoka Lunga Lunga hadi Likoni ni matatu, Ksh 400, na mimi nikalipia kiti cha boksi Ksh 200. (Shilingi 1 ya Kenya niliibadilisha kwa karibu 20 za kwetu.) Feri kwa mtembea kwa miguu ni bure. Hamali alinibebea boksi begani kutoka matatu hadi ng'ambo kwa Ksh 100, na umati ule wa jioni, sijui ningefanyaje bila yeye. Aliniambia niushike mkanda wa mkoba wangu mbele, si ubavuni, na nimfuate kisigino. Nilimfuata kisigino.

Alhamisi, 12 Septemba. Mombasa

Asubuhi, mahamri na mbaazi za nazi, Ksh 120 na chai. Nikarudi chumbani nikafungua boksi ili nipange nakala za watu walioagiza.

Nakala ya tatu niliyoishika, kurasa zake zilibaki mkononi na jalada likabaki kitandani.

Nilizikagua zote 53. Kumi na nne zilikuwa zimeachia, nyingine nusu, nyingine kurasa nane tisa za katikati zimechomoka kama karata. Mchapaji wangu alikuwa ameniambia gundi ni ya kuaminika, na mimi nikamwamini, nikalipa yote kabla ya kuona mzigo. Niliumia sana. Mtu akinunua hadithi zako kwa pesa aliyoibana halafu zikamwagikia mapajani, hatasema gundi ilikuwa mbaya. Atasema hivi vya kujichapishia wenyewe ndivyo vilivyo.

Mwenye nyumba ya wageni aliniona mlangoni na kurasa mkononi. Hakuuliza mengi. Akamwita mjukuu wake anipeleke Mji wa Kale, kwa mzee anayejalidi misahafu na vitabu vya madrasa.

Duka lake ni pana kama mlango na kidogo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anaishika nakala yangu, akaikunja mgongo, akanusa gundi. "Hiki hakikushonwa, mwanangu. Kimebandikwa tu." Akanieleza kwamba kurasa zilizokatwa moja moja haziwezi tena kushonwa kwa ndani, kwenye mkunjo, kwa sababu mkunjo haupo. Kinachowezekana ni kushona kwa ubavuni. Akazigongagonga kurasa mezani mpaka zikalingana, akazibana kati ya vibao viwili, akaacha nje ukingo mwembamba wa upande wa mgongo. Kisha akachukua msharasi, akatoboa matundu matano, moja baada ya jingine, bila kupima kwa rula. Uzi aliupitisha kwenye kipande cha nta mara tatu. Sindano ikaingia tundu la kati, ikatoka, ikapanda, ikashuka, ikarudi ilikoanzia, akafunga fundo na kuligonga kwa nyundo ndogo lisionekane. Jalada akalirudishia kwa gundi yake mwenyewe, akaweka jiwe juu. Dakika kumi na mbili, nilihesabu.

"Kivute," akaniambia. Nikavuta. Nikavuta tena kwa nguvu. Hakikuachia.

Ksh 50 kwa kila nakala, kumi na nne ni Ksh 700, nizifuate kesho baada ya swala ya Ijumaa.

Ijumaa, 13 Septemba. Mombasa

Nilipozifuata, zote zilikuwa tayari, zimefungwa kwa uzi uleule wa nta. Mzee alikuwa amebakiza moja mezani, miwani juu yake. Alikuwa amesoma hadithi mbili. "Huyu bibi wako wa hadithi ya pili ni wa Mombasa?" Nikasema ni wa Bagamoyo. "Basi mbona asema 'anakuja'? Wa huku angesema 'yuwaja'. Ungempa ulimi wake." Nikamweleza kwamba Bagamoyo wanasema anakuja. Akafikiri, akasema, "Haya, basi sawa. Lakini ukimleta huku, mpe ulimi wetu." Ile nakala akakataa kuirudisha, na pesa yake akaikata kwenye hesabu, kwa hiyo nililipa Ksh 650 na kitabu kimoja. Neno lile nimeliandika kwenye daftari na kulipigia mstari mara mbili.

Jioni tulikutana watu kumi na watano kwenye baraza la nyumba ya mwenyeji wetu, si mbali na Fort Jesus. Kahawa chungu, kashata, halua. Waliokuja walikuwa wameagiza tangu Julai. Alikuwepo yule dada wa Malindi, amesafiri kwa matatu zaidi ya kilomita 100 kuja kuchukua kitabu kimoja. Nilimkumbatia kabla hajaniambia jina.

Tulisoma kwa zamu, na baada ya kusoma mazungumzo yakaenda kwa Abdilatif Abdalla, kama ambavyo Mombasa lazima yaende. Alikuwa na umri wa miaka 22 alipoandika waraka wa kuuliza Kenya inaelekea wapi, mwaka 1968, ukapitishwa kwa siri mkono kwa mkono. Ulimpeleka gerezani miaka mitatu, na huko akaandika mashairi kwenye karatasi za chooni. Yalichapwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata yakapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Mwalimu mmoja wa makamo alisema kitu ambacho nimekuja nacho hadi Dar: kwamba tunaiita kazi ya kujichapishia vitabu wenyewe kuwa jambo la vijana na simu, na hali waraka ule ulikuwa na kurasa chache tu, hauna shirika, hauna duka, na ulisomwa.

Tukaingia kwa Abdulrazak Gurnah. Mtoto wa Zanzibar, Nobeli mwaka 2021, na riwaya yake ya kwanza kuingia Kiswahili ilitoka 2022, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, kwa wachapishaji Mkuki na Nyota wa Dar. Miaka ishirini na minane tangu itoke kwa Kiingereza. Nikauliza ni wangapi wameiona. Mikono miwili, na mmoja wao aliletewa na shangazi kutoka Unguja. Shangazi alikuwa ameibeba kwenye begi la nguo.

Nakala kumi na mbili ziliuzwa kwa Ksh 800.

Jumamosi, 14 Septemba. Treni hadi Nairobi

Tiketi ya daraja la kawaida ni Ksh 1,500. Ukikata kwa simu unalipa kwa M-Pesa, na mimi sikuwa na laini ya Kenya. Kijana mmoja wa baraza la jana alinikatia kwa simu yake, nikampa taslimu, akakataa kuzidi. Nikampa kitabu. Fika stesheni ya Miritini angalau saa moja kabla. Mizigo yote hupangwa chini kwa mstari, abiria wanasogea nyuma, mbwa wanapita wakinusa. Mbwa alisimama kwenye boksi langu kuliko kwenye mengine, moyo ukanipasuka, kisha akaendelea. Nafikiri ni nta.

Saa tisa kamili tukaondoka. Aliyeketi mbele yangu, mwanafunzi wa chuo anayerudi Nairobi, alikuwa anasoma kwenye simu, nami nikachungulia nikaona ni hadithi, sehemu ya 47. Ya Kiswahili, ya mwandishi wa Tanzania, anayeitoa kipande kwa kipande kwenye kundi la wasapu na kukusanya malipo kidogo kidogo. Aliniambia amesoma zaidi ya kumi za namna hiyo na hajawahi kushika hata moja ikiwa karatasi. Tsavo ilipita nje na vumbi lake jekundu, tembo wakiwa mbali, na sisi tumeinama kwenye sehemu ya 47.

Yeye ndiye aliyenikumbusha basi la Jalada. Mwaka 2017 wale vijana wa Jalada, umoja wa waandishi wa Nairobi, walipakia washairi na waandishi kwenye basi, wakazunguka nchi tano, Kenya, Uganda, Rwanda, Kongo na Tanzania, wakisoma mji baada ya mji. Kaka yake aliwaona. Haohao, mwaka mmoja kabla, walikuwa wamechukua hadithi fupi ya Ngũgĩ wa Thiong'o aliyoiandika kwa Kigikuyu wakaitoa kwa lugha zaidi ya thelathini kwa mkupuo mmoja. Kila nikiwaza basi lile napata nguvu ya kubeba boksi.

Syokimau saa tatu usiku. Mwenyeji wangu, mshairi wa Buruburu, alikuwa ananisubiri na jaketi la ziada. Beba jaketi. Nairobi ya Septemba usiku si ya mtu wa pwani.

Jumapili hadi Jumanne, 15–17 Septemba. Nairobi

Jumapili nililala na kula chapati kwa maharagwe.

Jumatatu nilizunguka maduka ya vitabu ya mjini. Katika maduka matatu niliyoingia, swali la kwanza lilikuwa moja: "Kiko kwenye silabasi?" Nikasema hapana. Wawili wakarudi kwenye kompyuta zao kwa adabu. Wa tatu, baba mwenye sauti ya upole, akanieleza. Kitabu cha Kiswahili hapa, alisema, kinanunuliwa na mzazi mwezi wa kwanza kwa sababu shule imeandika. Mtihani ukiisha, kinauzwa barabarani. Tangu 2013 vitabu vina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na msomaji akiona bei anaingia kwenye vile vya kuinamia, vya mitumba, Ksh 100. Halafu akachukua nakala tano kwa mali kauli, asilimia 35 yake, "nijaribu." Dar ni hivihivi, tofauti ni majina ya mitihani tu.

Kumi nyingine zilichukuliwa na msichana anayeuza vitabu bila duka. Ana kabati moja nyumbani, anapiga picha, anaweka mtandaoni, anayenunua Nakuru anatumiwa kifurushi kwa matatu siku hiyohiyo. Aliniuliza jambo ambalo hakuna duka liliniuliza: hadithi gani ningependa mtu aanze nayo.

Nilipita Maktaba ya McMillan, karibu na Msikiti wa Jamia, nikasimama kati ya wale simba wawili wa mawe. Ilifunguliwa 1931, na kwa miongo ya kwanza Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Nilipiga picha nikiwa nimeshika kitabu changu kifuani, na naitunza picha hiyo.

Jumanne usiku tulisomeana sebuleni kwa mwenyeji wangu, watu ishirini na mmoja, viatu vimejaa mlangoni. Wakubwa walikumbuka Kwani?, jarida lililoanza 2003 baada ya Binyavanga Wainaina kushinda Tuzo ya Caine. Lilikuwa la Kiingereza kwa sehemu kubwa, ingawa Sheng ilipenya. Vijana waliuliza kuhusu tuzo za Kiswahili. Ziko, na kwa mwenye muswada kabatini nasema azifuatilie: ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na ya Mwalimu Nyerere kwetu Tanzania, ambayo mshindi wa kwanza hupata Sh milioni 10. Nikawaambia pia ninavyoona mimi. Tuzo inaweza kukichapisha kitabu. Kukifikisha Nakuru bado kunahitaji yule msichana wa kabati.

Kumi na moja ziliuzwa. Nane nikabadilishana na waandishi wenzangu, kitabu kwa kitabu. Mbili nikamwachia mwenyeji wangu azipeleke maktaba ya mtaani Kaloleni. Zikabaki tatu.

Jumatano na Alhamisi, 18–19 Septemba. Kurudi

Basi kupitia Namanga na Arusha. Nyama choma, usingizi, mvua Korogwe, Mbezi alfajiri.

Hesabu, kwa anayetaka kujaribu. Nauli, malazi, chakula, mizigo na fundi vilikula karibu Sh 620,000. Mauzo ya taslimu yalikuwa nakala 30, Sh 473,000 hivi, na za mali kauli bado. Kutenga gharama ya uchapaji sijathubutu.

Juzi nilichukua nakala mbili, moja iliyoshonwa Mombasa na moja ya gundi, nikazipeleka kwa mchapaji mwingine hapa Dar. Ile ya gundi ikafunguka mkononi mwake. Ile ya Mombasa aliivuta, akaigeuza, akachungulia matundu, akamwita fundi wake aje aone. Wakaijadili kama mafundi saa, wakipeana. Kushona kwa mkunjo wa ndani, tangu mwanzo, kutaongeza Sh 1,500 kwa kila nakala. Kwa nakala 300 ni Sh 450,000. Nimewaambia wanisubiri mpaka Januari.